Wazazi tumelaumiwa vya kutosha, sasa tuonyesheni pa kubonyeza

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Gazeti lenu nalisoma miaka mingi, nikimaliza nalikatia vipimo vya magauni, na sijawahi kuwaandikia. Lakini lile lenye habari ya semina ya usalama wa watoto mtandaoni bado ninalo zima, nimelikunja chini ya mashine. Kila nikitaka kulipitisha mkasi nasoma tena pale mgeni rasmi anaposema wazazi wa siku hizi tumeiachia simu kazi ya malezi.

Simu hiyo nani aliniambia niiache nyumbani? Ni shule. Mwanangu yuko darasa la tano, ana miaka 11. Kazi za nyumbani haziandikwi tena ubaoni, zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa kumi na moja jioni, wakati mimi niko kwenye mashine na mteja kasimama mlangoni anadai gauni la sendofu. Masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka mtumiaji awe na miaka 13. Sasa hapo aliyekosa ni nani?

Mwezi uliopita nilirudi saa mbili usiku nikamkuta mtoto anacheka na simu. Kuangalia, anaandikiana na mtu aliyeweka nembo ya shule kwenye picha yake na kujiita mwalimu mpya wa michezo. Namba yetu aliitoa kwenye kundi lile lile, maana kiungo cha kundi kilishasambazwa hadi kwa wauza sare, na anayetaka anaingia. Alianza na salamu. Akauliza anacheza Free Fire? Akamwahidi almasi, zile za kununulia silaha na nguo humo mchezoni, ambazo mwanangu ananiomba kila siku na kila siku namwambia sina hela. Kisha akauliza anasoma mkondo gani, mama anarudi saa ngapi, nyumbani yuko na nani. Kisha akaomba picha, akiwa na sare, halafu nyingine ambayo sitaiandika gazetini na namshukuru Mungu haikutumwa. Mwisho akamwambia azifute meseji zote mama asione. Mtoto hakuzifuta. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu bila wasiwasi wowote: bado hajanipa almasi. Nilikaa chini. Kisha nikafanya ujinga ambao hakuna mgeni rasmi aliyewahi kunionya nao: nilimtukana yule mtu kwa sauti mbili ndefu, nikambloku, nikafuta mazungumzo yote kama naosha sufuria. Asubuhi kituo cha polisi nikaambiwa afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto yuko semina. Sikucheka. Aliyekuwepo akauliza meseji ziko wapi, nikakosa la kusema. Ikabaki namba tu, kwenye orodha ya niliowabloku, na hata hiyo orodha sikuijua iko wapi. Laini nchi nzima tumesajili kwa alama za vidole, mimi nilipanga foleni siku mbili, na nilidhani siku kama hiyo ndiyo foleni ile ingenilipa. Nikaambiwa nirudi na ushahidi.

Aliyenisaidia ni binti wa jirani, yuko kidato cha nne. Yeye ndiye aliyeniambia kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, bure, na wanaongea Kiswahili. Aliyepokea hakunilaumu. Alinieleza nisimchape mtoto, na likitokea tena nipige picha ya skrini kwanza, hasira baadaye. Mhariri, nimelifungua tena gazeti lenu. Ukurasa mzima, picha tatu za meza kuu, na 116 haimo hata kwa herufi za sisimizi.

Binti huyo huyo aliingia kwenye Mipangilio, Faragha, Vikundi, akafunga ili asiyekuwa kwenye namba zangu asiniingize kundi lolote. Picha yangu akaifanya nisiowajua wasiione. Kule kwa kupakulia programu akaweka kikomo cha umri na namba ya siri ninayoijua mimi peke yangu. Dakika kumi, na nyingine tatu zilikuwa za kutafuta chaja.

Na maadamu nimeshika kalamu: shule hiyo hiyo ilibandika kwenye ukurasa wake picha za mahafali, kila mtoto na jina lake kamili na darasa lake, mmoja amevaa gauni nililolishona mimi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watoto imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti. Nikauliza kundini nani aliombwa ruhusa. Nilijibiwa kwa vikatuni vya mikono ya dua, kisha mtu akatangaza sabuni ya maji.

Mgeni rasmi aliisifu Australia kwa kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii tangu Desemba 2025. Hakumalizia. Kule faini, ambayo inafika dola zao milioni 49.5, inamngoja mwenye mtandao. Mzazi hatozwi, mtoto hatozwi. Sisi tumechukua sifa, lawama tumembandika mama mwenye sindano.

Ombi langu ni dogo. Kazi za nyumbani zirudi ubaoni. Zile fulana za semina zisichapwe, kwa hela hiyo ipakwe rangi namba 116 kwenye ukuta wa kila shule, kubwa kuliko jina la mwalimu mkuu. Na semina ijayo ifanyike kibandani kwangu, tunaenea wanane kwenye mabenchi, kuanzia saa mbili usiku tukishatoka kazini. Mgeni rasmi aje na simu ya mtoto wake, aifungue mbele yetu, atuonyeshe yeye amebonyeza wapi. Chai nitanunua mimi.

Fundi Cherehani,
Morogoro