Barua ya wazi: Maboya peke yake hayatoshi kupima chumvi ya Bahari ya Kusini

Kwa Katibu Mtendaji,
Tume ya Kiserikali ya Bahari (IOC) ya UNESCO,
Paris.

YAH: SAFARI ZA MELI ZA KUPIMA JOTO NA CHUMVI KUZUNGUKA ANTAKTIKA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hoja kwamba maboya ya Argo (vyombo visivyo na watu vinavyoelea, kuzama na kupanda vyenyewe vikipima joto na chumvi) yanatosha na meli zipunguzwe inapendeza kwenye jedwali la bajeti tu. Maboya hayo, karibu 4,000 duniani, hupanda kila siku 10 kutoka mita 2,000. Karibu nusu ya maji yote ya bahari iko chini ya hapo, na ndiko yanakozama maji baridi ya Antaktika. Tena boya likikuta maji ya juu yana karibu nyuzi -1.8, huchukulia kuna barafu, hugeuka na kushuka bila kutuma chochote. Vipimo vyake husubiri barafu iachie. Maboya yanayofika mita 6,000 yapo, ila ni machache, na nayo husahihishwa kwa vipimo vya meli.

Badiliko tunalolitafuta ni dogo mno. Ndani na kusini ya mkondo unaoizunguka Antaktika, maji ya kati ya mita 1,000 na 4,000 yaliongezeka joto kwa takriban nyuzi 0.03 kwa muongo kati ya miaka ya 1990 na ya 2000. Chumvi ni ngumu zaidi. Katika maji ya karibu nyuzi sifuri, kosa la 0.01 kwenye chumvi (karibu gramu 0.01 kwa kila kilo ya maji) huvuruga hesabu ya uzito wa maji sawa na kosa la nyuzi 0.15 hivi kwenye joto. Na baadhi ya vihisi vya maboya vya miaka ya karibuni vimekuwa vikisoma chumvi inayozidi ile iliyopo, kosa likikua mwezi hadi mwezi.

Dawa yake ni chupa. Winchi hushusha vihisi mita 60 kwa dakika, vikizungukwa na chupa kubwa 24 au 36 zinazofungwa moja moja wakati wa kupanda. Sampuli ya chumvi huingia kwenye chupa ndogo ya kioo iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale. Hujazwa hadi begani, shingo hukaushwa, ndipo huzibwa. Kizibo kikilegea, maji huvukiza na chumvi hupanda. Punje ya chumvi kavu ikidondoka kutoka shingoni, sampuli imeharibika. Chupa huachwa zipate joto la maabara, kisha hupimwa zikitanguliwa na kufuatwa na maji sanifu ya IAPSO, yaani maji ya bahari ambayo chumvi yake inajulikana kwa uhakika. Lengo ni kosa lisizidi 0.002, na chumba kikibadilika joto lengo limepotea. Siku hiyo fundi wa kiyoyozi ana cheo kuliko nahodha. Huko kwenye baridi kuna balaa jingine: maji yakisahauliwa ndani ya mrija wa kioo wa kihisi cha chumvi, huganda sitahani na kuupasua.

Bahari ya Ross, kwenye pwani ya Antaktika, inaonyesha kwa nini mfululizo usikatike. Chumvi ya maji ya rafu yake ya bara (sakafu ya kina kifupi iliyo kando ya bara) ilishuka takriban 0.03 kwa muongo kwa karibu nusu karne, maji ya barafu inayoyeyuka upande wa Bahari ya Amundsen iliyo jirani yakichangia. Kisha, kuanzia 2014, ikapanda tena. Mstari wa S4P, njia ya vituo ambavyo meli hurudi kuvipima, karibu na latitudo 67 Kusini, ulipimwa 1992, 2011 na 2018. Pengo lile la kwanza la miaka 19 lingeweza kuumeza mgeuko kama huo bila mtu kujua.

Maji baridi ya Antaktika hayaishii huko. Yanatambaa chini ya Bahari ya Hindi, yanapenya Mlango wa Amirante karibu na Shelisheli, yanaingia Bonde la Somalia lililo chini ya bahari. Kenya na Tanzania zikilisemea jambo hili katika Tume, zinasemea maji yanayofika kwao.

Tunaomba kikao kijacho cha Baraza kiziombe nchi wanachama ahadi ya maandishi ya siku za meli: kila mstari wa kusini upimwe hadi sakafuni angalau mara moja kwa muongo, na kila boya la kina kirefu litupwe majini palepale meli inapochota chupa zake.

Wasalaam,
Wapimaji na wachambuzi wa maji ya bahari