Kabla ya kupandisha dishi, tazameni bahari

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wasomaji wa mwambao wa Tanga ambao intaneti yao huja kwa redio, yaani kwa mawimbi kutoka dishi hadi dishi. Hawa ni shule, zahanati, nyumba za wageni na maduka yanayovuta mtandao kutoka mjini kuvuka ghuba upande wa Chongoleani, au kwa kufuata ufuko kwenda Kigombe na Pangani. Malalamiko yao ni yale yale: asubuhi spidi ni megabiti 80, adhuhuri 6, jioni imerudi 80. Jibu wanalopewa nalo ni lile lile: pandisheni dishi, au nunueni redio yenye nguvu zaidi. Mara nyingi hiyo ni hasara tupu. Kwa linki (jozi ya madishi yanayotazamana) inayopita juu ya maji, kupandisha dishi kunaweza kuwa ndiko kunakoiharibu.

Kabla ya kushika spana, shika daftari. Kila redio ya nje ina ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi inayopokea, namba yenye alama ya kutoa, mfano -61. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Andika namba hiyo kila baada ya dakika 15 kwa siku 7, pande zote mbili, na kando yake andika spidi. Wenye kompyuta inayowaka muda wote wanaweza kuiachia programu ya kuchora grafu ifanye kazi hiyo. Spidi yenyewe ipimwe kati ya redio na redio kwa programu ya iperf3, kompyuta zikiwa zimechomekwa kwa waya huku na huku. Kupima kwa simu ya mkononi ukiwa sebuleni ni kupima vitu vinne kwa pamoja bila kujua kilichofeli ni kipi. Mjue pia kwamba redio hizi hupokezana kusema, hazisemi zote mara moja, na sehemu ya muda huliwa na mazungumzo yao wenyewe. Ukurasa ukiandika megabiti 300, mkapata 150 halisi, hamjaibiwa.

Siku 7 zikiisha, jiulizeni: linki yetu inafuata saa gani?

Ikishuka saa 2 usiku kila siku huku nguvu ya mawimbi imetulia pale pale, hewani hamna tatizo. Watu wamerudi nyumbani na bando mliyonunua haiwatoshi, au mtoa huduma wenu kazidiwa. Ikishuka bila saa maalumu, mvua ikinyesha au upepo ukivuma, tafuteni kwenye waya, vichwa vya waya na miti. Lakini mkiona mshuko unasogea mbele karibu dakika 50 kila siku, leo saa 4 asubuhi, kesho saa 4 na dakika 50, keshokutwa saa 5 na dakika 40, hiyo ni saa ya maji kujaa na kupwa. Mvuvi wa Sahare anaijua saa hiyo kwa kichwa. Mafundi wengi wa mitandao hawajawahi kuitazama, na ndiyo sababu tumeandika barua hii.

Kwa mawimbi ya redio, uso wa bahari ni kioo. Dishi la upande wa pili halipokei mawimbi yaliyonyooka peke yake. Kuna mengine yamegonga maji njiani, yakaruka, yakaingia dishini yakiwa yamechelewa kidogo. Yanapogonga maji kwa pembe ndogo namna hiyo, hugeuka: kilele kinakuwa bonde. Basi njia ya kupitia majini ikizidi njia iliyonyooka kwa nusu ya urefu wa wimbi, mawimbi hayo mawili yanasaidiana. Ikizidi kwa urefu mzima wa wimbi, yanafutana, na nguvu inaweza kuanguka desibeli 15 hata 20 (desibeli ndicho kipimo cha ile namba ya -61). Kwenye masafa ya gigahezi 5.8 urefu wa wimbi ni sentimita 5.2, sawa na upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu hivyo ndivyo vinavyoamua hatima ya linki ya kilomita 12.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha kimo cha dishi moja kwa kimo cha jingine, zidisha kwa 2, kisha gawa kwa umbali, vyote vikiwa katika mita. Tuchukue madishi mawili yaliyo mita 22 juu ya maji yaliyokupwa, umbali kilomita 12. Mviringo wa dunia unakula kama mita 2 katikati ya umbali huo (kwa kilomita 20 ungekula karibu mita 6), hivyo tunahesabu mita 20 kila upande. 20 mara 20 mara 2, gawa kwa 12,000, unapata sentimita 6.7. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda mita 3 na zaidi. Yakipanda mita 3 vimo vinabaki mita 17, na jibu linakuwa sentimita 4.8. Ili kutoka 6.7 kufika 4.8 ni lazima kupita kwenye 5.2, na hapo maji yanakuwa yamepanda kama mita 2.3. Linki inazama maji yakijaa, inazama tena yakipwa, na kwa kuwa maji hujaa mara mbili kwa siku, inazama mara nne.

Wiki ya maji mafu bahari haichezi kiasi hicho, linki inatulia. Redio mpya iliyofungwa wiki hiyo itaonekana imeponya kila kitu. Mwezi ukiandama, ugonjwa unarudi, na fedha imeshakwenda. Kwa sababu hiyo tunasisitiza siku 7, na zikiwa 14 ni bora zaidi.

Dawa yake mara nyingi ni kushusha. Teremsha dishi la upande mmoja mita 7 na upige hesabu upya: maji yakiwa yamekupwa ni 20 mara 13, unapata sentimita 4.3, yakijaa ni 17 mara 10, unapata 2.8. Zote mbili ziko mbali na 5.2, na ile ya pili iko karibu na nusu ya wimbi, mahali ambapo mawimbi yanasaidiana. Usishushe bila kipimo, maana mawimbi yanahitaji uwazi wa kupita. Kwa kilomita 12 kwenye gigahezi 5.8, katikati ya njia pawe na angalau mita 7.5 tupu chini ya mstari ulionyooka, zikihesabiwa kutoka maji yaliyojaa ya bamvua. Katika mfano wetu zinabaki mita 13 na nusu.

Njia nyingine ni kulirudisha dishi nyuma kidogo, ili ukingo wa paa, tuta la ufuko au mikoko iyafiche yale maji yanayorusha mawimbi bila kugusa mstari ulionyooka. Kubadili masafa peke yake husaidia kidogo sana. Ukishuka kutoka 5.8 hadi 5.2 wimbi linarefuka hadi karibu sentimita 5.8, na ulichofanya ni kuhamisha saa ya kuzama.

Sasa tuje kwa linki zisizofuata bahari.

Jueni kwanza namba mnayostahili kupata. Kilomita 12 kwenye gigahezi 5.8 zinameza desibeli 129. Redio inayotoa desibeli 18, yenye dishi linaloongeza desibeli 25 kila upande, inapaswa kupokelewa kwa 18 + 25 + 25 - 129, yaani -61. Mkipata -63, fundi amefanya kazi. Mkipata -72, desibeli 11 zimepotea, na msizifidie kwa kuongeza nguvu ya kutoa, kwani mnaweza kuvuka kiwango cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kuwapigia kelele majirani bila kuponya kitu. Mara nyingi dishi limekaa kwenye mwale wa pembeni. Dishi la ukubwa huu, sentimita 40 hivi, lina mwale mkuu wa nyuzi kama 9, na pembeni yake kuna miale midogo inayodanganya. Legeza bolti kiasi cha kulizungusha kwa mkono, zungusha taratibu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa huku mwenzako akisoma namba kwa sauti. Mtapita vilima vitatu, kadogo, kakubwa, kadogo. Kaeni kwenye kakubwa, kisha mfanye vivyo hivyo juu na chini. Fundi akiishia kwenye kilima cha kwanza alichokutana nacho, amewaachia linki inayoyumba kwa kila upepo.

Redio nyingi zina antena mbili ndani, ya wima na ya mlalo, na kila moja ina namba yake. Zikitofautiana kwa zaidi ya desibeli 4 au 5, kuna kiungio kilichoingia maji.

Hapo ndipo chumvi inapotutesa watu wa pwani. Mvua yenyewe haipunguzi sana mawimbi ya gigahezi 5. Kwa masika makubwa ni desibeli chache tu njia nzima. Linki ya masafa hayo ikikatika kila mvua ikinyesha, maji yameingia mahali. Chomoa kichwa cha waya kwenye redio ukitazame juani. Pini ni 8, na zinatakiwa ziwe na rangi ya dhahabu. Ukiona unga wa kijani, angalia pini ya 4 na ya 5: kwenye redio za volti 24 huko ndiko hupita umeme chanya, na unyevu wa chumvi huzila hizo kwanza. Megabiti 1000 zinahitaji nyaya zote 8. Moja tu ya hizo mbili ikiliwa, redio inashuka hadi 100 kimya kimya huku taa zote zinawaka, na watu wanaanza kulaumu hewa. Kusugua hakutoshi. Kata waya sentimita 10 nyuma, na kama shaba ya hapo nayo imegeuka nyeusi, endelea kukata hadi uione nyekundu. Funga kichwa kipya cha chuma chenye kinga, kipake grisi ya silikoni, kiungio cha nje kizungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe kuanzia chini kwenda juu, na waya uning'inie kama kitanzi kabla ya kuingia ukutani, ili maji yadondokee hapo na yasifuate waya hadi ndani. Bolti ziwe za stenlesi.

Wakati umeushika waya, ukwangue kwa kisu. Ukiwa mweupe ndani, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Kwa mita 60 na redio inayovuta ampea 0.4, waya wa shaba tupu hupoteza kama volti 2. Wa alumini hupoteza zaidi ya 3, na kila kiungio chenye kutu kinaongeza hasara. Redio inayopungukiwa umeme haizimi moja kwa moja. Inajizima na kujiwasha inapofanya kazi nyingi, yaani saa ile ile unapoihitaji.

Mipangilio nayo ina mtego mmoja mkubwa: umbali. Kila redio ikituma ujumbe husubiri jibu, na kwenda na kurudi kilomita 12 huchukua mikrosekunde 80. Ukiacha umbali umeandikwa kilomita 2, redio inadhani ujumbe umepotea, inautuma tena, na tena. Nguvu ya mawimbi itakuwa nzuri kabisa na spidi mbovu kabisa. Andika kilomita 12 na ziada kidogo. Halafu punguza upana wa chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho redio inatumia. Kutoka megahezi 80 hadi 20 unapunguza kelele kwa desibeli 6, na kwa mjini kulikojaa redio kila paa, chaneli nyembamba iliyotulia inabeba data zaidi kuliko pana inayorudia kila kitu mara tatu.

Linki ikipotea dakika nzima kisha ikarudi ikiwa kwenye masafa mengine, yaelekea redio imesikia rada, au imedhani imesikia, kati ya megahezi 5250 na 5350 au 5470 na 5725, nayo kwa kanuni inalazimika kuhama. Meli za bandarini husingiziwa sana hapa, lakini rada za meli hufanya kazi karibu na gigahezi 3 na 9.

Miti haisubiri. Mnazi uliokuwa chini ya mstari mlipofunga linki sasa unaweza kuwa ndani yake, na kusi ikivuma makuti yanapiga pazia mbele ya dishi mchana kutwa. Pandeni na darubini mara moja kwa mwaka, mtazame kutoka dishini.

Mhariri, tuna ombi kwako. Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Tanga likipata nafasi ndogo pembeni ya utabiri wa hali ya hewa, saa na mita, litawafaa wavuvi, manahodha na sisi tunaopanda milingoti. Msomaji ataliweka kando ya daftari lake la siku 7, na ataweza kujua bila kumwita mtu kama mshuko wa leo saa 4 umetoka baharini au kwenye waya wake.

Ni sisi,
Mafundi wa mitandao ya redio,
Tanga