Mzee Rukhsa, wasimulie na haya

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Huku Unguja tu wazima, alhamdulillahi. Barua yako ilinikuta nafua, nikaiacha ndoo palepale nikakaa kizingitini kuisoma.

Unasema wanao wanamjua Mzee Mwinyi kwa hilo jina la Rukhsa tu, basi. Mimi na wewe tunajua lilitoka wapi. Unakumbuka tulivyofulia sare kwa majani ya mpapai? Tunayafikicha mpaka viganja vinakuwa kijani, na kola bado ina uchafu wake. Alipoingia Ikulu mwaka 1985 milango ya biashara ikazidi kufunguliwa, sabuni ikarudi dukani, mitumba ikatuvisha.

Lakini wasimulie na ya 1977. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mahabusu wakafia mikononi mwa polisi kule Shinyanga. Si yeye aliyewatesa. Akajiuzulu. Na nyumbani ana watoto wadogo, Hussein ndiyo kwanza ana miaka 10! Mara nyingi namuwaza siku ile anarudi kwa mkewe, si waziri tena, na hajui kesho watakula kwa kazi gani. Mimi kwa hilo moja nampenda kuliko kwa sabuni zote. Mwalimu akampeleka Misri kuwa balozi, na mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar.

Mungu akamjalia umri: Novemba 2020 akamwona Hussein akiapishwa kushika kiti kilekile. Alipotutoka tarehe 29 Februari 2024, na miaka yake 98, kwenye televisheni macho yangu yalikuwa kwa yule mwanawe zaidi ya jeneza. Rais mzima, lakini siku ile kafiwa na baba.

Wakamzika Mangapwani. Wengine walishangaa, maana kazaliwa Kivure, bara huko kwenu Pwani. Lakini aliletwa huku kusoma angali mtoto, Mangapwani ndiko alikosoma, akafundisha, akawa mwalimu mkuu. Mimi niliyeolewa huku sikushangaa.

Likizo ukivuka na watoto, niarifu mapema. Nitawapeleka Mangapwani mwenyewe, tumsomee Mzee dua.

Msalimie shemeji.

Akupendaye,
Shoga yako