Krismasi hii, bebeni penseli

Heri ya Krismasi, wapenzi wenzangu wa vitabu.

Najua baadhi yenu mnasoma haya mkiwa steji ya Machakos hapa Nairobi, mifuko ya unga na mafuta miguuni, nauli imeshapanda na makanga anaapa kwamba kesho itapanda tena. Poleni na safari. Kwa kuwa mtakuwa na saa nyingi za kukaa bila la kufanya, nina ombi.

Wiki hii nilipita kwa wauza vitabu vya inama, vile vilivyotumika vinavyopangwa chini kando ya barabara, pale Tom Mboya. Katika rundo nikapata kamusi kuukuu ambayo mzazi fulani alikuwa amemwandikia mwanawe ukurasa wa kwanza: pongezi kwa kufaulu mtihani, kwa wino wa buluu, Desemba 1974. Pale palipokuwa na jina la mtoto, panya amepita. Nikainunua, ingawa kamusi ninayo. Muuzaji alinishangaa nikilipia kitabu kisicho na herufi W hadi Z.

Sisi watu wa vitabu tuna upofu wetu. Tunajua mwaka ambao maktaba ya McMillan ilifunguliwa, 1931, na tunajua kwamba Mwafrika alizuiwa kuingia humo kwa miaka mingi. Tukienda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, tunasimama kwa heshima mbele ya hazina ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, mtu aliyekusanya vitabu, stempu na sanaa za Afrika kana kwamba alijua kuna siku zitaulizwa. Lakini tuulizwe nyanya mzaa baba aliitwaje kabla ya kubatizwa, tunaangaliana.

Urithi si lazima uwe kitabu kilichochapishwa. Mama yangu aliacha daftari la chama chao cha kuchangiana pesa, lile kubwa la jalada gumu. Ukilifungua haraka ni hesabu tu: majina kushoto, shilingi kulia, alama ya mkasi kwa aliyechelewa. Ukitulia, unaanza kusikia watu. Mwezi fulani jina moja lina mstari badala ya pesa, na pembeni ameandika “amejifungua”. Miezi michache mbele, kwa jina lilelile, “tumemchangia ya mazishi”. Hakuna maelezo zaidi. Shangazi ndiye aliyenisimulia yaliyotokea katikati, na lau ningemkosa, ule ukurasa ungebaki hesabu.

Basi ombi langu ni hili: mkifika nyumbani, itoeni ile bahasha ya picha iliyo kabatini au chini ya kitanda. Msimwambie mzee “tusimulie maisha yako”. Atawaambia alizaliwa, akaoa, akamshukuru Mungu. Mpeni picha mkononi, mumwulize huyu wa pili kutoka kushoto ni nani. Hapo ndipo mtajua kwamba suti aliyovaa ilikuwa ya studio, na kwamba waliivaa kwa zamu. Kama kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, huenda siku yenyewe haikujulikana; ulizeni kulikuwa na nini mwaka ule: njaa, nzige, au Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni 1952? Wapo ambao wakifika kwenye miaka hiyo ya Hatari hunyamaza. Waacheni. Ongezeni chai, mzungumze mambo ya ng’ombe.

Majina yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza, maana wino wa kalamu unaweza kupenya ukaharibu sura za watu. Picha za juzijuzi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli; andikeni kwenye karatasi, muiweke katika bahasha moja na picha. Zile albamu za gundi na nailoni, tulizozipenda sana sebuleni, ndizo adui mkubwa: gundi hugeuka manjano na kung’ang’ania picha. Msizibandue kwa nguvu. Zipigeni picha kwa simu zikiwa palepale.

Na mtakaorekodi sauti, msiiache kwenye simu pekee. Simu za Nairobi mnazijua. Leo iko mfukoni, kesho iko dirishani kwa mtu mwingine. Mtumieni binamu, muihifadhi na kwenye barua pepe, na mtaje mwanzoni ni nani anayeongea na ni siku gani. Msiwafukuze watoto wanaopiga kelele nyuma. Miaka thelathini ijayo, hata kelele hizo zitakuwa na wenyewe.

Sisi tunaobaki mjini tutafaidi barabara tupu, na nitakuwa nyumbani Boksing Dei kwa yeyote asiye na pa kwenda. Mchele upo, vitabu vya kubadilishana vipo. Wasalimieni wazee wote, na Mungu awafikishe salama. Heri ya mwaka mpya.