Straiki za uongo zinaua kazi za watu Mbeya

Mhariri,

Mimi ni mpiga picha na mhariri wa video, mkazi wa Soweto hapa Mbeya mjini. Mshahara wangu unatoka kwenye chaneli ndogo ya YouTube ya dada mmoja. Naomba nafasi niseme kuhusu tabia inayoota mizizi kwa wenye chaneli wa hapa kwetu: kuangushana kwa madai ya uongo ya hakimiliki.

Msimu wa viazi nilirekodi pale Uyole, akina mama wakieleza lumbesa inavyowaumiza. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anaongeza wavu juu, anashona, na bei inabaki ya gunia moja. Mama mmoja alikata uzi mbele ya kamera, akamimina viazi vya juu vikajaza ndoo mbili na kumwagika. Watu waliitazama sana video ile, mpaka tulipokuta imeondolewa. Mwenye chaneli mwingine, wa mji huu huu, amedai ni yake.

Kwa wasiojua, video ikiondolewa kwa madai ya hakimiliki chaneli inapewa straiki, yaani onyo la YouTube; straiki tatu zikikutana ndani ya siku 90, chaneli inafutwa na kila kilichomo. Kupinga unaruhusiwa, ila mdai anapewa siku 10 za kazi aonyeshe kwamba amekwenda mahakamani. Asipoonyesha, video inarudi. Kwa habari ya soko hizo ni siku nyingi mno. Kibaya zaidi, kwenye pingamizi unajaza jina kamili, anwani na namba ya simu, na vyote vinapelekwa kwa huyo huyo aliyekushtaki.

Bosi wangu alijaza. Haukupita muda namba yake ikawa inasomwa mubashara, jamaa huyo aliyetushtaki akisimulia ndoa ya dada wa watu ilivyovunjika na nani anamlipia mtoto ada. Simu iliita usiku kucha, matusi matupu. Hawa ni watu waliokuwa wakiazimana maiki na betri viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane! Uhasama ulianza dada alipompita kwa watazamaji. Sasa ndoa yake na gunia la viazi vinahusiana nini?

Ushindani siupingi. Mwenzako akiwahi tukio la leo, wewe wahi la kesho. Linaloniuma ni wale akina mama waliothubutu kusema huku madalali wanaonunua viazi vyao wakiwasikiliza, halafu sauti yao ikazimwa na mtu ambaye siku ile hakukanyaga sokoni. Na ninyi watazamaji mnaoandika “mwaga ubuyu”, kiki hizo mnazilisha wenyewe.

Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na nimemshauri dada aende nazo mbele. Lakini kabla ya huko, nawaomba viongozi wa waandishi wa habari mkoani kwetu wawaite wenye chaneli wakae meza moja. Mimi nitakuja na kadi ya kamera, picha ghafi za siku nzima, tangu magunia yanashushwa mpaka soko linafungwa. Naye aliyedai video ni yake aje na zake.

Mpiga picha,
Soweto, Mbeya