Unga wa urani hukaushwa kwa joto gani?

Mhariri,

Tangu habari za mradi wa kuchimba urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, zianze kuandikwa kwa wingi, nimeona waandishi wetu wakiutaja unga wa urani kana kwamba ni kitu kimoja kisichobadilika, chenye rangi ya njano na hatari ya aina moja. Naomba nafasi nieleze, nikiwa mwalimu mstaafu wa kemia, kwa nini swali la kwanza linapaswa kuwa unga huo umekaushwa kwa joto gani.

Urani ikishayeyushwa kutoka kwenye mwamba kwa asidi, kisha ikatenganishwa na maji yake kwa amonia, hupatikana tope la njano, nalo ndilo lililouzaa msamiati wa keki ya njano. Tope hilo likikaushwa kwa joto la chini, rangi yake hubaki, pamoja na sehemu ya maji na amonia iliyofungamana nayo. Joto likikaribia nyuzi 400 za Selsiasi, hivyo viwili hutoka na kuacha oksidi ya rangi ya chungwa, yenye atomi 3 za oksijeni kwa kila atomi ya urani. Ukiendelea kuichoma hewani hadi kupita nyuzi 600, sehemu ya oksijeni hutoroka, atomi zilizobaki hujipanga upya, na kinachotolewa tanurini ni unga wa kijani kilichokolea au mweusi kabisa. Ndiyo maana pipa lililoandikwa keki ya njano huenda lisiwe na chochote cha njano ndani yake.

Mpangilio huo wa atomi una nguvu kuliko tunavyodhani. Vidonge vya mafuta ya mitambo ya nyuklia, ambavyo ni vya dioksidi ya urani (atomi 2 za oksijeni kwa kila atomi ya urani), huokwa ndani ya haidrojeni kwa nyuzi 1,700 hivi mpaka vikawa vigumu kama kigae. Lakini kidonge hicho hicho kikipashwa hewani kwa nyuzi 400 tu, hufyonza oksijeni na kurudi kuwa ile oksidi nyeusi, na kwa kuwa umbo jipya hudai nafasi kubwa zaidi kwa takriban asilimia 36, kidonge hupasuka na kuwa vumbi.

Moto haugusi kiini cha atomi, kwa hiyo kuchoma hakuongezi mionzi wala hakuipunguzi, na ile hofu kwamba pipa likiungua litalipuka kama bomu haina msingi. Kinachobadilika ni jinsi unga unavyoyeyuka mwilini. Uliokaushwa kwa joto la chini huyeyuka upesi zaidi katika majimaji ya mapafu, ukaingia kwenye damu na kuzidhuru figo kwa sumu yake ya kikemia. Uliochomwa sana huyeyuka polepole na kukaa mapafuni muda mrefu, hivyo kipimo cha mkojo peke yake kinaweza kuonyesha kidogo kuliko kilichomo kifuani mwa mfanyakazi.

Kwa hiyo waandishi watakaokwenda Namtumbo wasiishie kuuliza tani ngapi zitauzwa. Waulize tanuri litawashwa kwa nyuzi ngapi, na kama vipimo vya afya vya wafanyakazi vimechaguliwa kwa kuzingatia jibu hilo.

Mwalimu mstaafu,
Songea