Kiboko kiliondoka, ushauri haujafika

Mhariri,

Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikakazia. Ni sawa kabisa, wala sivililii. Ila mwalimu wa ushauri nasaha shuleni kwetu ana vipindi vya Hisabati kama sisi wengine, na hiyo inayoitwa ofisi yake ni kona ya stoo ya vitabu. Mtoto atafunguka vipi hapo, watu wakiingia kuchukua chaki?

Mtundu wangu wa dawati la nyuma nimempa kazi ya kugawa madaftari. Ametulia, kiasi. Lakini watundu ni wengi na madaftari hugawa mmoja. TSC, tume inayoajiri walimu, ituletee washauri wasiobebeshwa masomo mengine.

Mwalimu wa msingi,
Kakamega